Ngombe Makumi Tatu ku Fiche ya Dancille

Dada yangu Dancille anaogopaka vitu mbili tu mu hii dunia: imbwa ya Papa Pasta, na kusema hapana mbele ya muntu mukubwa. Imbwa, anaweza kuikimbia. Muntu mukubwa, hawezi. Anainamisha kichwa, anasema "ndiyo Papa", "ndiyo Mama", kisha anaenda kulia nyuma ya jikoni na kusema ni moshi.

Ako na miaka makumi mbili na moja. Anasoma agronomie ku université, kule muji, na sasa anaingia mwaka ya pili. Mu kilima yetu ya Masisi, hakuna mwenye alifika kule mbele yake. Siku yenye alienda, kila muntu alimupatia kitu. Papa mudogo Twizeyimana, mudogo ya Papa mwenye ako na duka kule Mubi, alileta matela. Papa Pasta Hakorimana aliandika barua ya kusema huyu mutoto iko na tabia muzuri. Mama alishona mashuka. Hata batoto ya kanisa balimuimbia. Njo mana kilima yote inaona kama ile diplôme ni yao pia. Na Dancille analalaka juu ya ile matela kila usiku. Utamwambia nini muntu mwenye unalala juu ya matela yake?

Miye naitwa Kamaliza. Niko ku secondaire, mwaka ya tano, na nasemaka kidogo sana. Mama anasemaka kama siku nilizaliwa, mama muganga alinipiga mara tatu ndipo nilie, na nililia polepole, kama naomba ruhusa. Lakini niko na maandiko muzuri. Basi mu kilima, barua yote ni miye: barua ya posa, barua ya kuomba nafasi ku masomo, liste ya zamu ya maziwa. Batu banasema, miye naandika. Hakuna mwenye ananiulizaka nafikiri nini, na miye nilikuwa naona ile mupango iko muzuri.

Sasa musikilize vile mambo ilianza.

Vakanse ya masomo ilipofika, Dancille alikuya na pikipiki ya Carmel, ule motard mwenye anapelekaka maziwa yetu ku muji. Hata hajashuka muzuri, Papa akamuuliza:

"Ulipita?"

"Ndiyo Papa."

Haikuwa uongo. Alipita kweli, ila na cours moja yenye ilimushinda: Biochimie. Siku hizi ku université banaweza kukuachilia upande mwaka ingine, na ile cours inabakia nyuma, unairudilia mwaka yenye inafuata. Dancille alikuwa anatafuta tu nafasi ya kumalizia ile maneno. Lakini Papa hakumupa nafasi. Siku ya Mungu, saa ya matangazo, alisimama mu kanisa na koti yake ya ndoa.

"Bandugu, mutoto yangu Dancille amepita. Cours yote!"

Ile "yote", hakuna mwenye alimupatia. Aliiongeza yeye mwenyewe, vile anaongezaka urefu ya ngombe akiuzisha. Bamama balipiga bigelegele. Dancille aliangalia viatu yake mupaka kanisa ikaisha.

Miye nilijua juu ya Biochimie mu juma ile, tukiosha bidon ya maziwa ku chemchemi.

"Kama siiandiki ku fiche ya huu mwaka," Dancille alisema, "mwaka yenye inakuya habataniacha nifanye stage, ile mafunzo ya kazi. Bila stage, hakuna diplôme. Nitakuwa nimepoteza mwaka muzima."

"Umwambie Papa."

"Weye umwambie."

Niliangalia bidon. Yeye pia aliangalia bidon. Moja hawezi kusema hapana, mwengine hawezi kusema kitu. Ile siku bidon ilitakata sana.

Kisha Carmel alileta fiche. Ni karatasi moja yenye kachet, ile muhuri, juu, yenye unaandika cours zote utasoma mu semestre. Kila cours iko na uzito yake, banaiita crédit: ingine mbili, ingine tano. Zote pamoja zifike makumi tatu, zisipite. Na hautakiwi kufuta wino na kuandika juu, wala kuchafua. Ile fiche ilipashwa kurudi ku apparitorat, ile biro yenye inaandikaka banafunzi, siku ya pili ya juma mbele ya saa sita ya muchana. Carmel alikuwa anashuka na maziwa siku ya kwanza asubui, kesho ya siku ya Mungu. Kwa hiyo tulikuwa na siku ya Mungu tu.

Dancille alitaka kuijaza pole pole mu chumba. Lakini Papa aliona kachet.

Kwetu, karatasi ya kachet haijaziwake na muntu mumoja. Kuuzisha ngombe, tunaita batu. Kubadirisha ndume, tunaita batu. Papa aliita batu. Papa mudogo Twizeyimana alikuwa amefika kutoka Mubi, siku mbili mu njia, matope mupaka ku mashikio. Na Papa Pasta hakuitwa, lakini siku Mama anakata fromage mupya, ile jibini ya maziwa yetu, Papa Pasta anajuaka. Alikuya na imbwa yake, ikalala ku mulango.

Papa alinipa fiche na bic.

"Kamaliza, uandike. Dancille, ukae pale. Weye ni kusikiliza tu, sisi tutakupangia."

"Ndiyo Papa."

Niliweka bic kando, nikakamata crayon. Hakuna mwenye aliona. Bic haifutike, na miye nilikuwa najua batu ya kwetu.

Nilianza na cours ya lazima, zenye université yenyewe ilichagua. Ilifanya crédit kumi na munane. Nafasi ya kuchagua ikabakia kumi na mbili.

"Sasa zile zingine," Papa alisema.

Papa mudogo hakungoja.

"Entrepreneuriat! Mutoto ajue kazi. Miye nilianza na katoni moja ya sabuni..."

"Ile sabuni tunaijua," Mama alisema kutoka jikoni. "Kila Noeli inakuyaka kutusalimia."

"Katoni moja, Mama Dancille! Leo niko na duka ya milango mbili. Dancille, haiko vile?"

"Ndiyo, Papa mudogo."

Crédit ine. Niliandika.

"Na Géologie."

"Géologie?" Mama alitokea ku mulango na kisu ya fromage. "Huyu anasoma majani, hasomi majiwe."

"Majani inaota juu ya nini? Si juu ya majiwe? Kwetu Mubi, jiwe yenye unapiga teke leo, kesho muntu anakuya na gari kuitafuta."

"Ndiyo, Papa mudogo," Dancille alisema, na hakuna mwenye alikuwa amemuuliza.

Ine ingine. Papa Pasta alimeza fromage yake, akapanguza midomo.

"Éthique. Kule université iko shetani yenye inavaa lunettes ku macho na inasema Français muzuri. Mutoto ajikinge."

"Ndiyo, Papa Pasta."

Mbili. Tulikuwa makumi mbili na munane.

"Nutrition," Mama alisema. "Muangalie vile alirudia. Muntu anasoma chakula ya ngombe na yeye mwenyewe hakulake!"

Tatu. Makumi tatu na moja. Tayari tumepita na moja.

Papa alikuwa anangoja wa mwisho, juu ni yeye mwenye nyumba. Alijinyoosha ku kiti.

"Na sasa, cours yenyewe. Zootechnie ya ngombe ya maziwa!"

Tano. Makumi tatu na sita. Na Biochimie bado iko inje, peke yake, na tano yake.

"Uandike, Kamaliza."

Sikuandika. Niliangalia Dancille. Dancille alikuwa anaangalia ku mulango, lakini ku mulango kulikuwa imbwa. Mbele yake batu bakubwa, nyuma yake imbwa ya Pasta. Maskini, vitu yake mbili yote ilikuwa mu nyumba moja.

"Kamaliza, mashikio iliziba?"

Nilifungua kinywa. Kulitoka kitu kama "eeh", kisha kinywa ikajifunga yenyewe.

"Muache," Papa mudogo alisema. "Crayon yake imechoka kusikia hekima."

Balicheka. Miye nilisimama, nikaenda jikoni.

Kabla niendelee, muelewe kitu moja juu ya Papa. Malisho yetu inaenea ngombe makumi tatu. Papa anaisemaka kila siku, na hata Pasta akimuuliza habari ya roho yake, anarudilia mu ile hesabu: makumi tatu, ukiongeza moja, zote zinakonda. Lakini kwetu, muntu akikuletea ngombe yake umuchungie, haumufukuzie. Unatoa yako. Mwaka yenye ilipita, Papa Pasta alileta ngombe moja, na Papa akatoa Gaju, ngombe yake ya rangi ya kahawa, akaipeleka ku kilima ingine kwa rafiki. Kisha tulihamisha ngombe zote, na Gaju ikabakia kule nyuma. Papa hakulala. Alitembea siku mbili mu mvua kwenda kuikamata, na alirudia anaisemesha mu njia kama bibi mwenye bamegombana.

Basi nilirudia na kitunga ya maharagi na kamba yenye tunafungaka bidon. Niliweka kamba chini, nikaizungusha, ikafanya lupango, kama zizi ya ngombe. Batu bote baliangalia kamba. Nadhani balifikiri nimepata homa.

"Papa," nilisema. Sauti ilikuwa yangu, na miye mwenyewe ilinishtua. "Hii ni malisho yako."

"Malisho yangu?"

"Inaenea ngombe ngapi?"

"Makumi tatu. Hata imbwa ya Pasta inajua."

"Université pia inasema makumi tatu. Haipitake."

Niliweka maharagi nyeupe kumi na munane mu kamba. "Hizi ni za lazima." Nikaongeza ine. "Hizi ni za Papa mudogo." Ine ingine. "Na hizi pia ni za Papa mudogo." Mbili za Pasta. Tatu za Mama. Tano za Papa. Maharagi ilijaa, ingine ikapanda juu ya kamba, ingine ikatoka inje.

Papa aliinama. Alihesabu na kidole, midomo inatembea. Alimaliza, akaanza tena. Alipoinuka alikuwa na ile sura yake ya siku anakuta ngombe ya jirani mu majani yake.

"Makumi tatu na sita! Nani aliingiza hizi zote?"

Batu bakubwa bote baliangalia viatu yao. Nilijua sasa Dancille aliitoa wapi ile tabia.

"Yangu ilifika ya kwanza," Papa mudogo alisema.

"Yangu ni mbili tu," Papa Pasta alisema, "na zimetulia."

"Yangu, hakuna mwenye ataigusa," Mama alisema. Kisu ya fromage ilikuwa bado mu mukono yake, na hakuna mwenye aligusa.

Nilikuwa bado na maharagi tano mu mukono, nyekundu. Niliziweka mbali na kamba, karibu na muguu ya Papa.

"Na hizi ni nini?"

"Gaju," nilisema.

Papa hakucheka. Aliangalia maharagi, akaniangalia.

"Gaju ilibakia nyuma?"

"Ndiyo Papa."

"Ku kilima gani?"

Pale maneno yangu ya mwezi yote ilikuwa imeisha. Nilibakia kuangalia Dancille tu. Yeye alikamata kitambaa yake na mikono mbili, akaikunja, akaikunjua.

"Inaitwa Biochimie, Papa," alisema. "Ilinishinda. Nilipita, lakini hiyo ilibakia. Nilitaka kukuambia, kisha weye ukasema mu kanisa kama ni zote."

Tulisikia tu Papa Pasta anatafuna, kisha yeye pia akaacha.

"Nilisema mbele ya kanisa yote," Papa alisema.

"Ndiyo Papa."

"Na koti ya ndoa."

"Ndiyo Papa."

Papa alisukuma moja ya maharagi nyekundu na kidole ya muguu.

"Sasa tufanye aje? Tuiache kule tu, tuendelee na hizi zenye ziko hapa?"

Ile swali, nilijua jibu yake. Kila muntu alijua. Dancille iko na jibu moja tu kwa batu bakubwa tangu alizaliwa. Alifungua kinywa.

"Hapana, Papa."

Hata imbwa iliinua kichwa.

Dancille mwenyewe alifunika kinywa na kitambaa, kama muntu mwenye alitukana mu kanisa. Papa aligeukia Mama.

"Muntu anahamisha ngombe, moja inabakia. Anafanyaka nini?"

"Anarudia kuikamata," Mama alisema. "Siku mbili kwa miguu. Na mwavuli yangu, yenye alisahau kule mupaka leo."

Papa aliinama, akakamata maharagi yake tano ya Zootechnie, akazitoa inje ya kamba.

"Ngombe ya maziwa nitakufundisha miye. Na ule professeur, akitaka, akuye hapa, nitamufundisha pia."

Mwenye nyumba akitoa yake, mugeni hawezi kukaa tu na kula fromage. Papa Pasta alikohoa, akatoa mbili zake.

"Éthique, atanisikia miye kila siku ya Mungu."

"Na ile shetani ya lunettes?" Mama aliuliza.

"Amesema hapana mbele ya baba yake leo. Shetani ya lunettes njo itamuogopa."

Nilihesabu mu kichwa. Tukiingiza Gaju, ingine ine ipashwe kutoka. Batu bote baligeukia Papa mudogo Twizeyimana. Yeye aliangalia juu ku mabati, kama mwenye anatafuta fasi mvua inapita.

"Munaniangalia juu ya nini? Miye nilileta matela."

"Matela haiko mu kamba," Papa alisema.

"Géologie ni cours ya maana!"

"Papa mudogo," Dancille alisema na sauti ndogo, "majiwe ya Mubi itanigoja, haiko vile?"

Papa mudogo alimuangalia, akataka kukasirika, akashindwa. Alicheka mupaka tumbo ikatingishika.

"Huyu mutoto amejifunza kukataa tangu dakika ngapi, na tayari anakataa na akili! Toeni. Lakini Entrepreneuriat inabaki. Ile sabuni haitoke mu hii nyumba."

"Tunajua," Mama alisema.

Papa aliingiza maharagi nyekundu yeye mwenyewe, moja moja. Alihesabu. Makumi tatu. Alihesabu mara ya pili, juu ya furaha tu. Nilifuta crayon na gomme, nikaandika na bic, Biochimie ya kwanza. Dancille akatia sinyatiri. Mama alikusanya maharagi yote mu kitunga.

"Mumemaliza? Juu hii ni chakula ya leo."

Njo vile tulikula semestre muzima na viazi. Papa Pasta alirudilia mara mbili.

Asubui Carmel alifunga fiche mu sashe, akaiweka mu kifua, chini ya koti, na bidon ya maziwa nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha. Dancille alisimama ku barabara mupaka sauti ya pikipiki ikaisha. Siku ya pili, kila mara alikuwa anakamata telefone, anapanda kule juu ya lupango, fasi réseau inapatikana, anashuka, anapanda tena. Ngombe zilianza kumufuata, zilifikiri analeta chumvi. Saa sita ilipita. Saa saba. Pale ndipo telefone ililia, na Carmel alisema maneno yake yote kwa mara moja, juu unité ya telefone ilikuwa inaisha: alianguka mara moja mu matope, maziwa ya bidon moja ilimwangika, fiche ilifika saa sita kasoro kidogo, baliipokea, balipiga kachet. Na muntu ya apparitorat alinusa ile karatasi, akauliza kama huyu mwanafunzi anasoma ao anatengeneza fromage.

"Ulimujibu nini?" Dancille aliuliza.

"Nilimwambia anafanya yote mbili." Telefone ikakatika.

Ilibakia tu kanisa. Siku ya Mungu, saa ya matangazo, Papa alisimama tena. Koti ya ndoa hakuivaa. Dancille alinikamata mukono, akanifinya mupaka damu ikaacha kutembea.

"Bandugu," Papa alisema, "juma ile nilisema mutoto yangu alipita zote. Niliongeza moja. Kuko moja yenye ilibakia nyuma, sawa vile Gaju ilibakia. Tumerudia kuikamata. Muiombee."

Akakaa. Papa Pasta alisema amina kabla ya muntu yote. Sasa, nyumba yetu ilielewa muzuri. Kanisa ilielewa tu kama Gaju iko mugonjwa.

Siku ile ile, Mama Mukagasana, muzee ya kilima ya pili, alikuya anapanda pole pole na mafungu ya majani ku kichwa, ile majani ya kandokando ya maji, laini.

"Dancille, mutoto yangu, hii ni ya mugonjwa. Anaendelea aje?"

Niliona dada yangu anafungua kinywa. Nilingoja. Ile neno yake mupya ilikuwa pale, ku ulimi.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Aksanti, Mama. Anaendelea muzuri, Mama."

Na kesho yake mwengine alileta, na kesho kutwa bawili. Vakanse ilipoisha, Dancille alirudia ku muji na buku yake ya Biochimie mu sakoshi, na Gaju, yenye hajawahi kugonjwa hata siku moja, ilikuwa imenona kupita ngombe zote za Papa.